Mpira mmoja, watoto 70

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha michezo katika shule ya msingi, niliingia uwanjani na mpira mmoja, kipenga na wanafunzi 70 wa Darasa la Tatu, nikawagawa timu mbili na kudhani kwamba kazi yangu imekwisha. Siku moja niliamua kuhesabu. Katika dakika 40 za kipindi, watoto kama kumi tu, karibu wote wavulana, ndio waliougusa mpira. Waliosalia walikimbia katika vumbi la wenzao, na wengine walijikalia kivulini mwa mwarobaini wakisukana nywele.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: kila mtoto amerusha, amedaka au amekwepa mara ngapi. Tulifunga mipira ya matambara na mifuko, mmoja kwa kila watoto wawili, nikaanza kufundisha kurusha kama mwenzangu anavyofundisha kuandika herufi. Anayerusha kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto na kuzungusha kiuno ndipo mkono ufuate, lakini wengi hutanguliza mguu wa upande uleule, na mpira huwaangukia karibu. Nilichora nyayo mchangani, wakakanyaga humo.

Somo lililonipa faida kubwa kuliko yote ni rede, mchezo ambao hakuna chuo kilichonifundisha. Warushaji wawili husimama pande mbili, na wa katikati hujaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira. Wavulana walilalamika, "Mwalimu, huo ni mchezo wa wasichana," mpaka msichana mmoja mdogo alipojaza chupa bila kuguswa hata mara moja, ilhali waliolalamika walipigwa kabla ya gao la pili la mchanga. Kanuni moja tu niliibadilisha: kwa desturi anayepigwa hutoka na kukaa pembeni, kwa hiyo anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeyapata kidogo; lakini kwangu anayepigwa huwa mrushaji.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Vipindi vya wiki nzima haviwezi kufikia hapo, hasa mitihani inapokaribia na mwalimu wa Hisabati akaja "kuazima" kipindi ambacho hakirudishwi. Maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, nayo, pamoja na uzuri wake, hutuvuta tuwatazame wenye mbio tu. Ndiyo maana nachagua michezo ambayo watoto wanaweza kuiendeleza wenyewe bila kipenga changu. Siku hizi shida yangu ni chupa: kila mapumziko hutoweka ofisini, na zikirudi huwa zimejaa mchanga.