Siku moja ya kumtafuta kreifishi Mto Zigi

Saa 11 alfajiri. Migono 20 (mitego ya wavu) ililazwa jana jioni kando ya matete ya Mto Zigi, mkoani Tanga, chini ya bwawa la Mabayani, na yote lazima itoke majini kabla ya saa 2. Kreifishi hutembea usiku. Jua likishapiga maji, aliyemo mgononi huacha chambo na kuanza kutafuta mlango. Vya kubeba ni vichache: ndoo mbili, glavu nene, rula ya chuma, mizani ya gramu, kopo la spiriti, daftari na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani, tone moja la maji linafuta usiku mzima.

Kwa asiyemjua, kreifishi ni jamaa wa kamba koche, ila yeye ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na ana magando mawili mazito mbele. Afrika bara haina hata mmoja wa asili. Madagaska ndiyo yenye wake, aina 7 za jenasi Astacoides. Hawa wa bara wameletwa na watu. Mwekundu wa Marekani, Procambarus clarkii, alitiwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970 ili avuliwe na kuuzwa. Akala mimea ya chini ya maji na mayungiyungi mpaka vikatoweka. Idadi yake iliposhuka mimea ikarudi, alipoongezeka ikaondoka tena. Wa Australia, Cherax quadricarinatus, aliletwa kwa ufugaji, na sasa yumo Mto Kafue na Ziwa Kariba. Tunachotafuta hapa ni kama ameshaingia Zigi.

Saa 12 asubuhi. Mgono unavutwa kwa kamba ukiwa umesimama ukingoni (kamba ya kufungia, si ya kuliwa). Penye mamba hakuna kuingia majini, hata kama mgono umenasa kwenye mzizi.

Kabla ya kutazama kilichomo, tazama mgono wenyewe. Umelala sawa? Mlango uko wazi? Chambo kimebaki? Leo miwili imeharibika: mmoja umepinduliwa na mkondo, mwingine umechanwa, na kwa ukubwa wa tundu huyo ni kenge. Iandikwe "umeharibika", isiandikwe "sifuri". Hapa ndipo daftari nyingi hudanganya. Mgono uliolala kifudifudi usiku kucha haukuvua kitu, kwa hiyo hauna ushahidi wowote wa kutoa.

Saa 1. Kuchambua. Wanaotoka ni kaa wa mtoni, kamba wa mtoni, perege wadogo na kambare mmoja aliyevimba kwa chambo. Kaa hana utata, mkia wake umekunjwa chini ya tumbo. Kamba wa mtoni ndiye anayewachanganya watu, maana dume kubwa la Macrobrachium lina mikono mirefu ya kutisha. Hesabu jozi za miguu yenye magando: kamba wa mtoni ana mbili, na ya pili ndiyo ndefu. Kreifishi ana tatu, na ya kwanza ndiyo nene. Kisha tazama mkia kwa ubavuni. Kwa kamba, gamba la pingili ya pili limefunika la kwanza na la tatu. Kwa kreifishi halifuniki mbele na nyuma namna hiyo. Ukibaki na shaka, piga picha juu na chini, rula ikiwa kando yake.

Kaa wanapimwa na kurudishwa palepale walipotolewa. Hao ndio wa kwanza kuumia kreifishi akiingia, kwani wanagombea mashimo yaleyale na chakula kilekile. Na kaa wa Usambara Mashariki, Zigi inakoanzia, si wa kudharau: mmoja wao, Potamonautes raybouldi, huishi kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti.

Saa 3. Hesabu. Migono 18 mizima, kreifishi sifuri. Ina maana hayupo? Tuseme wapo wachache, na kila mgono una nafasi ya asilimia 5 ya kumnasa mmoja kwa usiku. Migono 18 yote kutoka mitupu bado ina uwezekano wa karibu asilimia 40. Ukifikisha 60, yaani 20 kwa siku tatu, uwezekano huo unashuka chini ya asilimia 5. Kwa hiyo usiku mmoja mtupu hautoshi kumwandikia mtu barua kwamba mto ni salama.

Saa 5. Wavuvi. "Shikamoo mzee," kisha habari za nyavu, na picha ya kreifishi ibaki mfukoni. Ukianza na picha, kila mtu ameshamwona. Uliza anawajua wadudu gani wenye magando, na kama samaki waliolala wavuni hutoka wametafunwa mapezi na tumbo. Huko Kariba na Kafue, hasara hiyo wavuvi wanaijua. Uliza pia kama kuna anayefuga "kamba" kwenye bwawa la nyumbani au tangi la kioo. Kreifishi wa marumaru aliyevamia Madagaska alijulikana kwanza kwa wauza samaki wa mapambo Ujerumani. Wote ni majike na huzaa bila dume, hivyo mmoja aliyemwagwa mtaroni anatosha.

Saa 8 mchana. Kuosha. Matope yote yatoke, kisha migono ianikwe juani. Ikihamia mto mwingine, ikauke kabisa kwa saa 48 au zaidi, kwani kreifishi mdogo aliyejibana kwenye wavu wenye unyevu hafi upesi. Maji ya ndoo humwagwa nchi kavu.

Saa 10. Kutega upya. Mgono wa sentimita 60, matundu ya wavu sentimita 1, mlango sentimita 5. Mlango mpana zaidi unakaribisha fisimaji. Ndani, upande wa juu, funga chupa tupu ya nusu lita ili ncha moja ielee na kobe akiingia apate pumzi. Chambo ni gramu 100 za vichwa vya samaki vibichi, ndani ya kopo lililotobolewa, la sivyo kambare wa kwanza anamaliza karamu. Mgono hadi mgono ni mita 10.

Saa 2 usiku. Tochi na wavu wa mpini, mita 100 za ukingo. Mgono hupendelea madume makubwa, na jike lenye mayai chini ya mkia huingia kwa nadra. Macho ya kamba yanang'aa mekundu kwenye matete. Tunatafuta pia mashimo ya udongoni yenye kingo za matope mabichi, ingawa mengi huwa ya kaa.

Akipatikana, harudishwi majini wala habebwi hai. Anaingia kwenye spiriti, mahali panaandikwa, na simu inakwenda usiku huohuo kwa afisa uvuvi, kisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Bodi ya Maji Bonde la Pangani.