Sakafu ya boti yangu kuukuu: nimeshachagua

Zulia la zamani limetoka lote kwenye sehemu ya usukani, na gundi yake imekwanguliwa mpaka faibaglasi ikabaki tupu. Chini yake palikuwa na unyevu ule usiokauka hata boti ikianikwa juani, kwa kuwa mgongo wa mpira hauruhusu hewa kupita. Ndiyo maana zulia nimelitoa kwenye hesabu, ingawa ni la bei nafuu na kulibandika ni kazi ndogo.

Kabla ya kuchagua cha juu nimehangaika na cha chini, na hapo ndipo ninapotaka pesa yangu iende. Niligonga sakafu nzima kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Palipo pazima hulia ko, ko. Palipooza hulia pu. Karibu kila palipolia pu palikuwa kando ya skrubu za viti: maji yaliteremka kwenye tundu, mbao ya ndani ikayanywa, na kwa juu sakafu ikaendelea kuonekana nzima. Baada ya kukata na kubadilisha mbao mbovu, kila tundu nalipanua, nalijaza epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), na ikishakuwa ngumu natoboa upya kwa kipimo cha skrubu. Skrubu sasa inashika epoksi, haigusi mbao.

Plaiwudi bora ni ile ya kuundia vyombo yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo, maana tabaka zake za ndani hazina mapengo. Bei yake imenishinda. Nimechukua plaiwudi ya matumizi ya nje yenye gundi isiyoachia kwa maji, lakini kwanza nilichemsha kipande chake kwa saa nzima. Kilitoka kimevimba kidogo, tabaka zikiwa bado zimeshikana. Mbao zilizoonyesha matundu ubavuni nilizirudisha. Nilizobaki nazo zimepakwa epoksi juu na chini, na ubavuni nimerudia mara tatu, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa ubavu. Wenye boti za alumini wajihadhari na plaiwudi iliyotiwa dawa yenye shaba: shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Cha kutandika juu, mbao za msaji sikuzifikiria sana. Ni nzuri mno, ila ni ghali, na zile za kufungwa kwa skrubu zingenirudishia matundu niliyotoka kuyaziba. Vigae vya plastiki vya kufungamana hupitisha maji vizuri, lakini taka na magamba ya samaki hujificha chini yake, na kila usafishaji unataka uving'oe.

Iliyonivuta kweli ni EVA, ile sponji ngumu ya kutengenezea malapa. Hainywi maji, ni laini kwa magoti, na aina nyingine huja na gundi tayari mgongoni. Udhaifu wake ni jua, ambalo huififisha, na vitu vyenye ncha, ambavyo huichana. Ya rangi nyeusi huchoma nyayo mchana. Kuitandaza sakafu nzima ni gharama isiyo na sababu, maana ninaposimama muda mrefu ni mahali pamoja tu, mbele ya usukani.

Kwa hiyo sakafu yote inapakwa rangi yenye mchanga, na kipande kimoja cha EVA ya kijivu kinakaa pale pa kusimama. Mchanga ni ule mweupe laini, uliooshwa na kukaushwa. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu chini ya rangi. Unanyunyizwa rangi ikiwa bado mbichi mpaka sakafu ifunikwe kabisa. Ikikauka unafagiwa ule usioshika, kisha inapakwa rangi ya pili juu yake. Pembezoni na kuzunguka matundu ya kutolea maji naacha ukanda mwembamba usio na mchanga, ili maji yateleze na brashi isafishe bila kukwama. Mfuniko wa tangi la mafuta unapakwa peke yake, mshono wake ukibaki wazi ili ufunguke.

Epoksi inapokauka huweza kuacha utando wa kunata juu. Kesho nausugua kwa maji safi na dodoki gumu, ndipo nipige msasa. Nikianza na msasa nitausambaza na rangi haitashika. Rangi ya kwanza itafuata siku isiyo na dalili ya mvua.