Chupa ya Hombolo Ufukweni Mwanza

Dodoma hadi Mwanza kwa basi ni karibu kilomita 700, na safari nzima chupa ya mvinyo ilikaa miguuni mwangu, imeviringishwa kwenye kitenge. Sikukubali iwekwe kwenye buti. Jua la mchana likishalichoma basi, humo ndani hapafai, na joto huharibu mvinyo haraka. Tukapita Singida, tukashuka Sekenke, kisha Igunga, Nzega, Shinyanga. Mara mawe yakaanza kupandana kando ya barabara, nikajua ziwa li karibu.

Ulikuwa mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa Hombolo, Dodoma, mchanganyiko wa zabibu aina ya Makutupora na Syrah, mavuno ya mwaka jana. Mvinyo mchanga kabisa, haujakomaa. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvinyo mpya haukosekani. Tunaufungua, tunaunywa hapo hapo, halafu tunasema wa kwetu ni mkali, bora wa Afrika Kusini. Maneno hayo huniuma, kwa sababu mara nyingi kinachokosekana ni saa moja tu ya subira.

Shemeji anakaa Capri Point, na kutoka barazani kwake ziwa lote liko mbele yako. Asubuhi tulinunua sangara Mwaloni, Kirumba, na mbuzi tukamchukua buchani. Jioni chupa ikakaa kwenye friji nusu saa, maana mvinyo mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na Mwanza saa hizo bado kuna joto.

Nikamwonjesha. Akakunja uso.

"Shem, mbona unakaba ulimi hivi?"

Alisema kweli. Harufu ilikuwa imejifunga, na ukakasi wake ulikuwa wa ndizi mbichi. Nikaomba jagi la kioo, nikalinusa kwanza lisije likawa na harufu ya sabuni, nikaumimina wote kwa nguvu hadi ukatoa povu. Mvinyo mzee humiminwa taratibu ili mashapo yabaki chupani, lakini huu ulihitaji hewa, na hewa ndiyo niliyoupa.

Baada ya nusu saa ulikuwa umeanza kulegea. Ilipotimia saa nzima, zambarau zilizoiva zikajitokeza puani, na nyuma yake pilipili manga, ile ya Syrah. Ukakasi ulikuwepo bado, ila sasa ulishika fizi kidogo na kuachia. Shemeji akanusa glasi yake tena na tena kabla ya kunywa, akaniuliza kama kweli ni chupa ile ile.

Kwa sangara haukufaa: chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki, mdomoni hubaki shombo. Kwa mbuzi wa kuchoma, lo! Nyama iliumeza ukakasi wote, tunda likabaki peke yake.

Uliobaki tuliurudisha chupani, tukaziba, tukauweka kwenye friji. Kesho yake mchana ulinyweka, ila zile zambarau zilikuwa zimeshafifia.