Mteja anaandika "fundi friji Mbezi". Tovuti yako inasema nini?

Friji likigoma saa 2 usiku na ndani kuna samaki wa wiki nzima, mama mwenye nyumba kule Mbezi Beach hatafuti "huduma za kitaalamu za majokofu". Anashika simu, anaandika "fundi friji Mbezi" au "friji linawaka taa ila haligandishi". Kamusi ina jokofu na kiyoyozi; mteja ana friji na AC. Tovuti ya fundi wa Dar es Salaam iandikwe kwa maneno ya mteja, la sivyo itabaki kadi ya biashara iliyofungiwa kabatini.

Tovuti nyingi za mafundi zina ukurasa mmoja wa "Huduma Zetu" wenye orodha ya kazi kumi, kila moja kwa mstari mmoja. Hapo ndipo zinapokwama, kwa sababu Google huleta ukurasa unaojibu swali lililoulizwa, na mstari mmoja haujibu kitu. Kila kazi ipewe ukurasa wake: kutengeneza friji, kufunga AC, sevisi ya AC, mashine ya kufulia. Kichwa cha ukurasa kisizidi herufi 60 hivi, kisije kikakatwa kwenye matokeo: "Fundi friji Mbezi Beach, Tegeta na Kunduchi" kinatosha.

Ndani ya ukurasa, anza na dalili. Taa inawaka lakini kompresa iko kimya: kagua themostati, relei, kisha kompresa yenyewe. Kompresa inaunguruma ila hakuna baridi: huenda gesi imevuja au kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, imeziba. Juu kunaganda, chini hakupoi, na friji ni lile lisilojaza barafu (no-frost): mara nyingi hita ya kuyeyusha barafu imekufa na njia ya hewa imeziba. Eleza pia kwamba gesi za friji R134a na R600a hazichanganywi, na kwamba R600a hushika moto, ndiyo maana haichomelewi kiholela. Kisha weka gharama ya kuja kukagua, muda wa dhamana na maeneo unayofika. Maneno 400 ya namna hii yanamfanya mteja aamini kwamba kazi unaijua kabla hajapiga simu.

Usinakili ukurasa huo mara 15 ukibadilisha jina la mtaa tu. Google huuhesabu mchezo huo kuwa udanganyifu. Ukurasa wa Tegeta uwepo kama una la kusema kuhusu Tegeta: picha za kazi zilizofanyika huko, siku unazopita, nauli.

Tovuti iende pamoja na wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu hupangwa kwa ulinganifu, umbali na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha: karakana ikiwa Mbagala, ramani ya mtu wa Mbezi itakuonyesha kwa shida, na hapo ndipo kurasa za tovuti zinapokubeba. Jina liwe lile la kwenye kibao. Ukiongeza "Fundi Bora Dar" unaweza kufungiwa wasifu. Kama huna ofisi ya kupokea wateja, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia, yasizidi 20. Maoni yaombe siku ileile kazi inapokwisha, kwa kutuma kiungo WhatsApp. Usitoe punguzo ili uandikiwe maoni, ni marufuku. Na kama bado unagawa anwani ya ile tovuti ya bure iliyotengenezwa ndani ya wasifu, iache: Google walizifunga Machi 2024.

Kitufe cha WhatsApp nacho huharibika kwa kosa dogo. Kiungo ni wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu tisa, bila jumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza sifuri, mteja anafunguliwa namba isiyokuwepo.

Picha kumi za simu zenye MB 4 kila moja ni MB 40, na mwenye bando dogo atafunga kabla hazijafunguka. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, muundo wa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), chini ya KB 150 kila moja. Bei ziandike kwa maandishi, zisikae ndani ya bango la picha.

Ikiwa tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, haionekani kabisa kwenye Google, nenda kwenye mipangilio ya usomaji. Mara nyingi aliyeijenga alizuia injini za utafutaji wakati wa kazi akasahau kuondoa tiki. Kisha sajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyotafutwa, na upeleke ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake. Baada ya siku 28, angalia maneno yaliyowaleta watu. Ukurasa unaoonekana sana lakini haubonyezwi, badilisha kichwa chake kwanza.

Domeini, yaani jina la tovuti linaloishia na .co.tz, isajiliwe kwa jina na barua pepe yako mwenyewe, si ya aliyekutengenezea tovuti. Akibadilisha namba na malipo ya mwaka yakapita, kurasa zote zinapotea nayo.