Herufi za Kadutu

Tulikuwa tunakaa Kadutu, mojawapo ya komine (sehemu za mji) za Bukavu, Kongo, mdogo wangu akijiandaa kwa mtihani wa taifa. Jioni moja, akihesabu herufi za neno Kadutu zinaweza kupangwa kwa njia ngapi tofauti, aliniletea mimi, yaya wake (mkubwa wake), swali ambalo nalipenda mpaka leo: "Yaya, kama U ziko mbili, kwa nini tunagawanya? Kwa nini hatutoi?"

Daftari lake lilikuwa na kanuni tupu, imenakiliwa ubaoni bila sababu. Hilo huniumiza sana, maana kanuni ya namna hiyo humtoroka mtoto mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Nilikata boksi la sabuni vipande sita, nikaandika K, A, D, U, T, U. U moja kwa wino wa bluu, nyingine mwekundu. Nafasi ya kwanza ina herufi sita za kuchagua, ya pili tano, hivyo hivyo mpaka moja; ukizizidisha zote unapata 720. Akapanga UKATUD, bluu ikitangulia. Nikazibadilisha U zile, nyekundu ikatangulia.

"Ukisoma bila kujali rangi, kuna tofauti?"

"Hakuna."

Akapanga neno lingine, na lingine. Kila mpangilio ulikuwa na pacha wake, haukukosekana hata mmoja. Kumbe zile 720 zimekaa jozi jozi, nasi tunahesabu jozi: 360.

Akarukia Bagira: A mbili, 360. Ibanda: A mbili, 360. Bukavu yenyewe: U mbili, 360. Akapiga makofi. Komine zote tatu pamoja na mji wake, jibu moja! Mimi mzaliwa wa hapa nilifurahi kama yeye.

Katana, mahali kaskazini mwa Bukavu, ndiyo iliyomsimamisha. A ziko tatu, akagawanya kwa tatu, akaandika 240. Sikumkatalia. Nilimwandikia A tatu kwa rangi tatu, nikamwomba azihamishe hizo tu, K, T na N zisiguswe. Umeme ulikuwa umekatika, mama akatumulikia kwa simu. Akazihamisha polepole, akihesabu kwa vidole, akafika sita, akarudia kuhakikisha. Basi kila neno lilikuwa limejirudia mara sita: 720 ukigawanya kwa 6, ni 120. Idadi ya herufi zinazofanana haitoshi. Unagawanya kwa njia zote ambazo herufi hizo zinaweza kubadilishana nafasi.

Baada ya hapo hakutaka kulala. Lubumbashi, anakokaa baba mdogo: herufi kumi, U mbili, B mbili, 907,200. Nikampa Kisangani, mji mwingine, yenye herufi tisa: I mbili, A mbili na N mbili. Akazidisha kuanzia tisa mpaka moja, akagawanya 362,880 kwa nane (mbili mara mbili mara mbili), akaniletea 45,360.