Mkoba niliouficha ndio ulioharibika

Kwa miaka miwili mkoba wangu mweusi wa ngozi ya kondoo ulikaa ndani ya boksi lake. Niliutoa mara nne tu, na zote nazikumbuka: harusi mbili, mahafali ya mdogo wangu, na siku moja niliyofika nao mlangoni, nikatazama mawingu, nikarudi chumbani kuchukua mwingine.

Mwezi uliopita nikauhitaji. Nilipoutoa nikakuta mnyororo wake wa kubebea umejichora ubavuni, pete baada ya pete, kama mikunjo ya shuka kwenye shavu la mtu aliyeamka sasa hivi. Nikaingiza mkono kwenye kijimfuko cha ndani, vidole vikanata. Nikaupeleka kwa fundi wa ngozi. Hakuuliza bei wala jina la mtengenezaji. Aliufungua, akaunusa, akasema, "Dada, huu umekosa hewa."

Akanieleza kwamba bitana ya mkoba ule imepakwa utando laini wa plastiki, na utando huo huliwa taratibu na unyevu wa hewani, uutumie mkoba usiutumie. Ukiufungia kwenye boksi, unyevu unabaki humo humo. Mnyororo nao ulilalia ngozi mahali pamoja muda wote huo, na ngozi ya kondoo ni laini hivi kwamba hata ukucha ukipita unaacha mstari.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilikuwa najisifu kwa utunzaji, kumbe utunzaji wenyewe ndio uliouumiza. Halafu nikajiuliza, hivi nilikuwa namtunzia nani? Nikacheka peke yangu. Nilikuwa namtunzia mtu atakayeununua siku nikiamua kuuza. Nimekuwa mlinzi wa mali ya mtu nisiyemjua, tena bila mshahara.

Mkoba wangu mwingine ni Speedy ya Louis Vuitton. Niliununua mkononi mwa mtu, lakini vishikio vilikuwa bado na rangi ya mchanga mkavu (mwenyewe wa kwanza naye alikuwa mfichaji, naona). Ngozi ya vishikio vile haijapakwa rangi, kwa hiyo inakunywa kila kitu: jua, jasho, mafuta ya mikono. Wiki ya kwanza tu tone la mvua likaidondokea. Kwa kiherehere nikasugua, doa likatanuka. Nilikosa raha siku tatu. Leo vishikio vimeiva rangi ya asali, vimekolea zaidi pale kiganja kinaposhika, na lile doa silioni mpaka nilitafute. Sehemu kubwa ya mkoba wenyewe ni turubai lililopakwa plastiki, halina makuu. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Kila nikitaka kujipa moyo namkumbuka Jane Birkin, yule mwigizaji na mwimbaji. Mkoba wenye jina lake ulianzia kwenye ndege ya kutoka Paris kwenda London, alipokuwa ameketi jirani na Jean-Louis Dumas, mkuu wa kampuni ya mikoba ya Hermès, na ulitoka mwaka 1984. Wa kwake aliujaza mpaka ukatanuka, akaubandika stika, akauning'iniza hata kikata kucha. Julai 2025 ulipigwa mnada Paris kwa euro milioni 8.6, na alama za stika zikiwa bado juu yake. Najua, bei ile ni ya jina lake, mimi nikining'iniza kikata kucha hakuna atakayenipa hata nauli. Lakini walau alikuwa na mahali pa kukiweka.

Siku hizi nina mikwaruzo ninayoikubali na ile nisiyoikubali. Kona zikichakaa kwa kutembea nami, sawa, fundi atazipaka rangi. Wino wa kalamu ndani ya bitana sikubali, kwa sababu hautoki, na kosa ni langu mwenyewe. Kwa hiyo kalamu inakaa kwenye kipochi chake chenye zipu. Jinzi mpya ndiyo adui mkubwa kuliko mvua: rangi yake ya buluu inahamia kwenye ngozi nyeupe na haina shukrani, basi siku ya jinzi mpya nabeba mweusi. Losheni nikishapaka nasubiri ikauke. Na zile tishu nyevunyevu za kufutia watoto nimeacha kabisa kuzigusisha ngozi, maana zinaondoka na ung'avu wake.

Jioni naumwaga mkoba wote kitandani, hapo ndipo nagundua risiti za wiki nzima na hereni moja isiyo na mwenzake. Nauacha upumue. Ukikaa siku nyingi naujaza karatasi nyeupe laini, kamwe si gazeti, kwa sababu wino wa gazeti unahama. Mnyororo naufungia kitambaa na kuuingiza ndani.

Alama ya mnyororo ubavuni imebaki. Fundi alisema angeweza kuipunguza kwa joto kidogo, nikamwambia abandue tu ule utando unaonata. Jana mkoba ulinyeshewa tukishuka garini. Niliugusagusa kwa kitambaa kikavu bila kusugua, nikauweka mbali na jua, nikalala. Asubuhi ulikuwa mkavu. Nikatia simu, funguo, kipochi cha kalamu, tukaondoka, na mawingu yalikuwa bado yametanda.