Kibali cha kiyoyozi kijijini
Shemeji yangu, fundi wa viyoyozi hapa Lubumbashi, hushangaa kusikia kwamba katika baadhi ya kaunti za mashambani nchini Marekani mwenye nyumba anaweza kufunga kiyoyozi bila kibali cha ujenzi. Gesi ya kupoozea, hata hivyo, ni jambo jingine: kwa mujibu wa kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi ya nchi hiyo, anayefungua mirija yenye gesi hiyo sharti awe na cheti, hata akiwa kijijini kabisa, na aikusanye kwanza kwenye mtungi. Huku kwetu, kusema kweli, nimeona nati ikilegezwa na gesi ikifoka uani, mteja akitazama tu. Ningedai cheti hicho kabla ya kibali chochote cha ujenzi.